Jibu: Datsun yako kusoma spidi ya chini baada ya tairi na difu mpya

Boss, ukitoa 165/70 R13 uweke 185/70 tairi inakua kama asilimia 5, na difu (gia za ekseli zinazozungusha magurudumu) nayo umetoka uwiano wa 4.11 ukaenda 3.89, zote zinafanya mita ya spidi isome chini, ndio maana mita inasema 80 na GPS ya simu inasema karibu 89. Tafadhali usiruhusu fundi afungue mita asogeze mshale, hizo za zamani zikivunjika kupata ingine ni kazi kweli. Dawa iko kwa gia boksi, chomoa kebo ya mita na ile gia ndogo inayoizungusha, hesabu meno, kama ni 20 tafuta ya 18 ndio kebo izunguke haraka zaidi, na uweke oringi (pete ya mpira) mpya isivuje oili. Ukimaliza shika barabara ya Gilgil toka Nakuru, mwenzako akisoma GPS, uone kama mita inalingana nayo. Kwa sasa, kabla hujarekebisha, 70 ya mita yako ni karibu 78, chunga.