Tuma notisi wiki ya kwanza, hata kama bosi ni rafiki

Mafundi wenzangu wa California, hasa mnaochukua kazi chini ya mkandarasi mkuu, naomba mnisikilize kwa hili.

Nilipata kazi ya vigae kwenye jengo la fleti lililokuwa likikarabatiwa. Mkandarasi tulifahamiana, tulishakula pamoja, nikaona nikimpelekea mwenye jengo notisi, yaani barua ya kisheria ya kumjulisha kwamba nafanya kazi kwenye jengo lake, nitaonekana simwamini mwenzangu. Nikanyamaza. Malipo ya kwanza yakachelewa, ya pili yakageuka ahadi. Notisi nikaituma siku ya 50.

Sheria ya hapa inampa fundi haki ya lieni: deni lako linaandikishwa kaunti juu ya jengo lenyewe, na mwenye jengo atapata shida kuliuza kabla halijalipwa. Lakini mkandarasi mdogo anatakiwa kwanza atume notisi ya awali ndani ya siku 20 tangu aanze kazi. Ukichelewa, notisi inalinda kazi ya kuanzia siku 20 kabla ya kuituma, si zaidi. Siku zangu 30 za mwanzo, za kung'oa vigae vya zamani na kusawazisha sakafu, zikabaki deni la mkandarasi peke yake, naye hakuwa na kitu. Vibarua niliwalipa kwa akiba ya ada ya mtoto.

Siku hizi naituma wiki ile ile ninayoanza, kwa mwenye mali, mkandarasi mkuu na benki iliyokopesha fedha za ujenzi, kama ipo. Majina na anwani mwombe mkandarasi mkuu. Sheria inamtaka akupe. Taja mahali, aliyekupa kazi, kazi yenyewe na makadirio ya bei yote. Peleka kwa barua ya rejista ya posta, utunze risiti na nakala. Usitegemee WhatsApp.

Nilichokuwa nakiogopa hakikutokea. Hakuna mkandarasi aliyekasirika. Mwenye mali anapokea notisi ya muuza mbao, ya fundi umeme, ya fundi bomba. Yangu ni moja tu kati ya hizo.

Ila notisi siyo lieni. Usipolipwa, lieni unaiandikisha ndani ya siku 90 baada ya ujenzi wote kukamilika, au 30 tu ikiwa mwenye mali ameandikisha taarifa ya kukamilika. Kisha una siku 90 za kufungua kesi. Na kama kazi yako inadai leseni nawe huna, haki hii huipati. Anzia kwenye leseni.