Usiiuze kwa vipuri hiyo T430

Ndugu, umesema laptop yako ya ThinkPad T430 inachukua dakika nne kuwaka na fundi anakushauri uiuze kwa vipuri. Usiuze bado. Kama ndani kuna diski ya kuzunguka, mchawi ni huyo. Nunua SSD, yaani diski isiyozunguka, yenye kiunganishi cha SATA, ya inchi 2.5; GB 240 inatosha. Kifuniko cha sehemu ya diski kiko chini ya laptop, kinashikwa na skrubu moja. Yangu nilibadilisha mezani huku chai ikipoa. Sasa inawaka kabla sijavuta kiti vizuri.

RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi, ni ya aina ya DDR3 na ina nafasi mbili, mwisho GB 16. GB nane zinakutosha, ila chukua za laptop, zile fupi. Za kompyuta ya mezani hazitaingia hata ukizibembeleza.

Windows 11 haiitambui rasmi prosesa ya 2012, na Windows 10 iliacha kusaidiwa Oktoba 2025. Mimi ningeweka Linux Mint ya Xfce, mfumo mwepesi unaokaa badala ya Windows. Nakili picha zako pembeni kwanza! Na betri ikikata chaji ndani ya nusu saa, usihangaike, tumia laptop ikiwa kwenye waya.