Mfalme hufa au hufariki?

SWALI: Katika makala yangu kuhusu Tonga, ule ufalme wa visiwa vya Pasifiki, niliandika "Mfalme George Tupou V alikufa Hong Kong tarehe 18 Machi 2012." Mhariri akafuta "alikufa" akaweka "alifariki dunia", eti nimemvunjia mfalme heshima. Nimekosea? Na wale wazikaji wa mfalme, *nima tapu*, nimewaita "mikono mitakatifu". Ni sawa?

JIBU: Kosa la sarufi hakuna. Ila mhariri wako ana sikio, na kwa Tonga hasa namuunga mkono. Kitonga kina ngazi tatu za usemi: ya raia, ya machifu na ya mfalme. Raia akifa husemwa *mate* (siyo yale ya mdomoni), chifu ni *pekia*, mfalme ni *hala*. Hata kula kuna daraja: raia *kai*, mfalme *taumafa*.

Kiswahili hakina kitenzi cha kufa kilichotengewa wafalme. Kufa ni kwa wote: mtu, kuku, hata betri ya simu. Kufariki ni kwa binadamu. Ukitangaza kwamba ng'ombe wako amefariki, watu watacheka kwanza, pole itafuata. Kutawafu nako kupo, lakini kumezoeleka kwa mitume na watukufu wa Kiislamu. Kwa ufalme wa Kimethodisti kama huo, neno hilo lingepwaya.

Nisichokubali ni kusafisha makala nzima. Ukisimulia historia, "George Tupou I, aliyeipa Tonga katiba mwaka 1875, alikufa mwaka 1893" haimdhalilishi mtu. Tena hao hao wanaokimbia "alikufa" huandika "kifo cha mfalme" bila wasiwasi, kana kwamba mzizi si uleule!

Kuhusu *nima tapu*, hapo ningebadilisha. *Nima* ni mkono, sawa, lakini "mitakatifu" inaleta picha ya baraka tu, na *tapu* ina katazo ndani yake. Kwa desturi, mikono iliyougusa mwili wa mfalme (na hapa andika "mwili", usiandike "maiti") hairuhusiwi kushika chakula kwa muda, hivyo wenyewe hulishwa na watu wengine. Andika "wenye mikono ya mwiko". Mswahili akisikia mwiko atajua mara moja kuna jambo wasiloruhusiwa kufanya.