Viwavi wa mashu hawafi tena kwa dawa

SWALI: Bwana Mhariri, mimi ni mama mkulima wa Kabare, na mashu yangu, yaani kabichi, ninayauza soko la Kadutu, Bukavu. Viwavi wadogo wa kijani wanayatoboa majani. Zamani kifuniko kimoja cha dawa kwa pampu kilitosha; sasa ninatia vitatu, na bado wako. Jirani mmoja anasema wanazaliwa na samadi, mwingine anasema wanaletwa na jua la kiangazi. Nani asadikiwe?

JIBU: Mama, jirani wa pili amekaribia. Kiwavi huyo ni mtoto wa nondo mdogo wa kijivu anayeruka jioni na kutaga mayai kwenye majani. Mvua kubwa huwaangusha na kuwazamisha viwavi wachanga, ndiyo maana kiangazi wanajaa. Mguse kidogo: akirukaruka kinyumenyume na kuning'inia kwa uzi, ndiye yeye. Ukitaka kujionea, weka viwavi kumi na kipande cha jani ndani ya chupa, ufunge mdomo wake kwa kitambaa, kisha ungoje wiki mbili au tatu. Watatoka nondo, na huenda pia akatoka nyigu mwembamba aliyekua ndani ya mwili wa kiwavi na kumuua. Nyigu huyo ni mfanyakazi wako usiyemlipa. Huko Honduras, wakulima waliofundishwa habari za wadudu marafiki walianza wenyewe kunyunyizia mahindi maji ya sukari ili kuwaita sisimizi waje kula viwavi.

Sasa dawa. Kila unapopulizia, viwavi dhaifu wanakufa, na wale wachache wanaoistahimili ndio wanaobaki kuzaa, hata baada ya vizazi kadhaa shamba zima likawa la wagumu. Nondo huyu ni bingwa wa jambo hilo: mwaka 1953 iliripotiwa kutoka kisiwa cha Java, Indonesia, kwamba dawa ya wadudu iitwayo DDT haimwui tena. Kwa hiyo vifuniko vitatu vinamwua nyigu, vinakula fedha yako na kubaki kwenye majani yatakayopikwa Bukavu, lakini kiwavi anaendelea kula.

Acha dawa hiyo. Kagua chini ya majani mara mbili kwa wiki, na upulizie pale tu viwavi wanapokuwa wengi, kwa dawa ya aina nyingine, ukifuata kipimo na siku za kungoja kabla ya kuvuna kama zilivyoandikwa kwenye chupa. Ukiipata ile inayotengenezwa kwa Bt, bakteria wanaoua viwavi, ichague, kwa kuwa haiwadhuru nyigu. Wengine hutwanga majani ya utupa. Yanasaidia, lakini huua samaki, basi usioshe pampu kwenye kijito kinachoshuka Ziwa Kivu. Mabua yaliyobaki baada ya mavuno yang'oe na kuyafukia upesi, kwani nondo huzaliana humo wakati wewe unaandaa kitalu kipya.

Samadi haina kosa. Endelea kuitia, mradi iwe imeoza vizuri.