Mshale Mmoja Usibebe Maana Tatu

SWALI: Ndugu Mhariri, ninatunza nyaraka za programu ya hesabu za ghala tunayoiandika watu sita. Mwezi uliopita mwenzetu mgeni aliufuata mchoro wetu wa matawi ya matoleo (yaani njia sambamba za msimbo, kila moja ya toleo lake), ambao nauambatanisha, akarekebisha hitilafu kwenye tawi la toleo la zamani peke yake, na toleo jipya likatoka na hitilafu ile ile. Niuboreshe vipi? Msomaji, Morogoro.

JIBU: Ndugu msomaji, mwenzenu alisoma sawasawa, mchoro ndio uliompoteza. Mshale ulio kati ya tawi kuu na tawi la 2.3 unaweza kumaanisha kwamba tawi lilichipuka hapo, au kwamba muda unakwenda upande huo, au kwamba marekebisho hupelekwa huko. Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya msimbo, nayo huongeza utata, kwa kuwa kila badiliko huhifadhi kumbukumbu ya lile lililolitangulia, na ndiyo maana michoro mingi ya kuifundisha Git ina mishale inayotazama nyuma, ilhali msomaji wa kawaida akiuona mshale huwaza kinachofuata. Nakushauri uiache kabisa mishale ya ukoo, yaani ya kuonyesha nini kilitoka kwa nini: muda uende kutoka kushoto hadi kulia, tawi lichipuke kwa mstari mtupu, na mshale ubakiwe na kazi moja tu, yaani kuonyesha marekebisho yanatoka wapi na yanapelekwa wapi.

Mfano mzuri wa kujizoeza ni FreeBSD, mfumo endeshi wa kompyuta. Kazi mpya huingia kwa kawaida kwenye tawi la main, kisha zinazofaa hupelekwa tawi tulivu la stable/14, na kutoka hilo hukatwa matawi ya releng, yaani ya kuandaa matoleo, kama releng/14.0, la toleo la Novemba 2023, na releng/14.1, la toleo la Juni 2024. Toleo likishatoka, tawi lake la releng hupokea viraka vya usalama na marekebisho ya hitilafu nzito tu. Ukiweka main juu, stable katikati na releng chini, mishale yote itashuka, na mgeni ataona mara moja kwamba marekebisho huanzia juu.

Tawi lisilohudumiwa tena lipewe kikomo na tarehe. Mstari wenu wa 1.8 unafika ukingoni mwa ukurasa, na mteja anayeutumia ana haki ya kuamini kwamba bado mnamhudumia.

Mwisho, achaneni na picha iliyochorwa kwenye kompyuta ya mtu mmoja, kwa maana akiondoka hakuna atakayeweza kuirekebisha. Andikeni mchoro kwa Mermaid, lugha ya kuchora kwa maandishi, ambayo GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo, huyaonyesha kama mchoro tangu 2022, na myahifadhi pamoja na msimbo. Mchoro wa Git uliomo kwenye Mermaid hauna vichwa vya mishale, kwa hiyo tumieni ule wa mtiririko: vistari vitatu, ---, hutoa mstari mtupu wa kuchipuka, na --> hutoa mshale wa marekebisho.