Henry Ford alipinga vita 1915, miaka miwili baadaye anatoa silinda za ndege za kivita. Ilikuwaje?

SWALI: Shikamoo injinia. Nasoma uhandisi mitambo mwaka wa tatu. Mwalimu wetu wa somo la uzalishaji katupa mfano wa Henry Ford wa Marekani, kwamba aliipinga vita kuu ya kwanza mpaka akakodi meli kwenda Ulaya kutafuta amani, halafu Marekani ilivyoingia vitani kiwanda chake kikaanza kutoa vipuri vya injini za ndege. Je alikuwa mnafiki anafuata hela? Na kiufundi kiwanda cha magari kinageukaje haraka hivyo?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Nimefurahi umeuliza yote mawili kwa pamoja maana mimi naona jibu lake linatoka sehemu moja.

Tuanze na hela. Kama Ford angekuwa anafuata hela basi 1915 ndio ulikuwa mwaka wake, Uingereza na Ufaransa walikuwa wananunua Marekani kila kitu, na mwaka huohuo wakakopa dola milioni 500 kupitia benki ya J.P. Morgan ili waendelee kununua. Ford akasimama hadharani kuupinga huo mkopo. Msimamo wake ulimgharimu hata ndani ya kampuni, kwani James Couzens, yule aliyekuwa anashika hesabu na biashara yote tangu mwanzo, mzaliwa wa Kanada ambayo tayari ilikuwa vitani, aliacha kazi Oktoba 1915 baada ya kugombana nae kuhusu maneno ya kupinga vita ambayo Ford alitaka yatoke kwenye gazeti la kampuni. Mtu anaefuata hela hamuachii mtu kama yule aondoke.

Halafu ndio ikaja meli. Mwanaharakati wa Hungary, Rosika Schwimmer, alimshawishi kwamba nchi zisizopigana zinaweza kuwasuluhisha wanaopigana, Ford akakodi meli Oscar II, ikang'oa nanga bandari ya Hoboken, Marekani, tarehe 4 Desemba 1915, na lengo ni wanajeshi watoke kwenye mahandaki kabla ya Krismasi. Wiki tatu! Rafiki yake Thomas Edison alikuja bandarini kumuaga ila hakupanda. Ford akaugua njiani, kufika Norway akakaa siku chache akarudi kwao, wenzake akawaacha waendelee na safari. Watu wa magazeti walimcheka sana. Mimi simcheki, ila naona kosa lake, alidhani vita ni kama laini ya kuunganisha magari, ukishaona panapokwama unapeleka watu wanakwamua.

Kwa macho yake vita ilikuwa upotevu tu, watu na mali vinateketea na hakuna kinachotengenezwa, na aliamini kuna wakopeshaji wanaokula faida hapo katikati. Hiyo imani ya pili ndio ilimpeleka pabaya kabisa, maana wakopeshaji hao aliwadhania ni Wayahudi, kuanzia 1920 gazeti lake la Dearborn Independent likawa linachapa chuki dhidi ya Wayahudi, na hilo uliandike kwenye ripoti yako, usimsafishe.

Sasa kwanini aligeuka. Februari 1917 Marekani ilipovunja uhusiano na Ujerumani, Ford akatangaza kwamba vita ikija kiwanda chake ni cha serikali na hataki faida hata senti moja. Vita ikatangazwa tarehe 6 Aprili. Kwahiyo alipinga nchi yake isiingie, ilipoingia akaona kilichobaki ni kuimaliza haraka. Unaweza usikubaliane nae lakini sioni unafiki.

Haya tuje kwenye chuma. Injini ya Liberty, ile ya ndege za kivita ambayo Ford aliitengenezea silinda, ilikuwa na silinda 12, nguvu ya farasi kama 400, na kila silinda inasimama peke yake, ya chuma cha pua (steel), na koti la maji ya kuipoza limechomelewa kwa nje. Gari la Ford Model T silinda zake nne zilikuwa zinasubiwa kwenye bloku moja, kwahiyo usidhani alichukua mashine za gari akabonyeza kitufe. Njia ya kawaida wakati ule ni kuchukua pande la chuma kilichofuliwa unalichimba ndani mpaka lipatikane tundu la silinda. Wewe umeshasimama kwenye leth mashini, ile ya kukereza chuma, unajua vile vichuma vinavyojisokota vikarundikana miguuni mpaka unaviondoa kwa koleo, kila kilo ya hivyo ni chuma ulichonunua na muda wa fundi uliolipia. Watu wa Ford wakaanza na bomba. Wanalikata ncha moja mshazari, wanaipasha moto, presi inaikandamiza mpaka inajifunga na kuwa kichwa cha silinda, halafu ndio mashine inapita kumalizia vipimo. Uzalishaji ukatoka silinda 151 kwa siku ukapita 2,000, na jumla wakatoa 433,826. Unaona, jicho lililochukia upotevu wa vita ndio hilohilo liliona upotevu kwenye lile pande la chuma.

Lakini usiishie hapo, angalia na boti za Eagle, zile za kuwinda nyambizi. Jeshi la majini liliagiza 112, zikajengwa 60 na vita ikawa imeshaisha. Mabapa ya chuma ya boti yalichorwa yaliyonyooka makusudi ili mafundi wa magari wayaweze, ila wakaguzi walikuta kazi ya haraka haraka, uchafu wa chuma haukufutwa vizuri kati ya bapa na bapa kabla ya kuunganisha, matokeo yake matangi ya mafuta yakawa yanavuja. Silinda inashikika mkononi, inapimwa kwa geji, ikikosea inatupwa inakuja nyingine. Boti ya futi 200 huwezi kuitupa, na fundi aliyezoea gari hajawahi kuambiwa kwamba uchafu mdogo kama punje ya mchanga kwenye maungio utakuja kumvujishia tangi katikati ya bahari.