Maswali ya Wasomaji: Kwa nini jumba la Kelvingrove lilifungwa miaka mitatu?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, nimesoma kwamba jumba la makumbusho na sanaa la Kelvingrove, katika jiji la Glasgow huko Uskoti, lilifungwa mwaka 2003 likafunguliwa tena Julai 2006. Kulikuwa na haja gani ya kuwanyima wananchi hazina yao kwa muda wote huo, na je, jengo la kale halipotezi asili yake linapoguswa kiasi hicho?

JIBU: Ndugu msomaji, jengo hilo la mawe mekundu, ambalo lilifunguliwa mwaka 1901 kwa ajili ya maonyesho makubwa ya kimataifa, halikufungwa kwa kuhofiwa kuanguka. Tatizo kubwa lilikuwa nafasi, na namna vitu vilivyopangwa. Sehemu kubwa ya vyumba vya chini ilikuwa stoo na ofisi ambazo mgeni hakuwa na ruhusa ya kuingia, na ili vyumba hivyo viwe vya umma, ilibidi kwanza vitu vihamishiwe kwenye ghala maalumu la Nitshill, kusini mwa jiji. Kazi ya kuhamisha vitu vya aina hii haiharakishwi, kwa kuwa kila kimoja hukaguliwa, huandikwa hali yake na kufungashwa kivyake, na kile kilichoanza kuharibika hutibiwa na mafundi kabla hakijarudishwa. Ukarabati wote uligharimu karibu pauni milioni 28.

Kuhusu asili, naona ukarabati ule uliilinda kuliko kuibadilisha. Mawe ya ndani yaliyokuwa yamefifia kwa vumbi na moshi wa miaka mingi yalisafishwa, na kinanda kikubwa cha mwaka 1901 kimebaki palepale juu ya ukumbi mkuu. Mageuzi ya kweli yalikuwa katika maonyesho. Zamani vitu viligawanywa kwa taaluma, kila elimu na chumba chake, na asiye msomi wa fani hiyo alipita tu bila kujua aanzie wapi. Sasa kumbi 22, zenye vitu vipatavyo 8,000, zimepangwa kwa visa, na kila kisa kinajitegemea. Katika ukumbi wa magharibi, ndege ya kivita aina ya Spitfire, LA198, iliyowahi kutumiwa na kikosi nambari 602 cha jiji hilo, imening'inizwa darini, na chini yake amesimama tembo aliyekaushwa, Sir Roger, pamoja na wanyama wengine. Wapo waliouona mpangilio huo kuwa ni kuchanganya mambo. Mimi nauunga mkono kwa moyo wote, kwa sababu mtoto anayesimama pale akiinua macho kutoka kwa tembo hadi kwenye mabawa ya ndege huanza kuuliza maswali mwenyewe, bila kusubiri kuelekezwa.

SWALI: Je, ni kweli kwamba mchoro maarufu wa Salvador Dalí haukuwamo humo kabla ya ukarabati?

JIBU: Ni kweli, ingawa haukuwa mgeni. Mchoro huo wa Kristo msalabani, unaoonekana kana kwamba mtazamaji yuko juu angani akitazama chini, ulinunuliwa na jiji mwaka 1952 kwa pauni 8,200, bei iliyozua malalamiko makali, wakiwemo wanafunzi wa sanaa walioona kwamba fedha hizo zingewafaa zaidi wasanii wa hapohapo. Mwaka 1961 mtu mmoja aliyezuru jumba hilo aliuchana, na mafundi wakautengeneza kwa ustadi mkubwa. Mwaka 1993 ulihamishiwa kwenye makumbusho ya dini ya St Mungo, jijini humohumo, na Kelvingrove lilipofunguliwa tena ulirejeshwa huko.

SWALI: Kiingilio ni kiasi gani?

JIBU: Kuingia ni bure, kama ilivyo katika makumbusho mengine ya jiji hilo.